WANABISHANIA NINI HASA?

Swali dogo la mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria Marekani, na funzo lake kwetu sisi wa nyumbani na wa ughaibuni

Wasomaji wetu walioko Marekani na Canada wenye vijana wanaotaka kusomea uanasheria wanaujua vyema mtihani uitwao LSAT, kwani umewakosesha usingizi watoto wao, na wao wenyewe umewatoa jasho wakati wa kulipia ada. Kwa wasomaji wetu wa Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Mombasa na Maskati ambao jina hilo ni geni kwao, tutaanza kwa kueleza ni kitu gani. Kisha tutaingia katika lengo letu, nalo ni aina moja tu ya swali iliyomo ndani ya mtihani huo. Tumeichagua kwa sababu tunaona inamhusu hata yule ambaye hana nia ya kuvaa joho la uwakili maisha yake yote.

LSAT ni mtihani anaofanya mtu aliyekwisha kupata shahada yake ya kwanza, au aliye karibu kuipata, kabla ya kuomba nafasi katika chuo cha sheria. Baraza la vyuo vya sheria linalousimamia liliundwa mwaka 1947, na mtihani wa kwanza ukafanywa mwaka 1948. Alama zake zinaanzia 120 na kuishia 180. Siku hizi vyuo kadhaa hupokea mitihani mingine pia, lakini huu ndio bado mlango mkuu.

La kushangaza kwa wengi wetu ni kwamba mtihani huu wa sheria hauulizi sheria hata moja. Hakuna vifungu vya kukariri wala kesi za zamani. Unapima kusoma kwa makini na kufuata hoja, basi. Hadi katikati ya mwaka 2024 ulikuwa pia na sehemu ya mafumbo ya kupanga, kama vile watu saba wakae viti gani ikiwa fulani hataki kukaa karibu na fulani. Sehemu hiyo iliondolewa kuanzia Agosti 2024, kutokana na makubaliano ya mwaka 2019 yaliyomaliza kesi iliyohusu haki za watahiniwa wasioona, kwani mafumbo yale yalikuwa magumu mno kwa mtu asiyeweza kujichorea michoro. Sasa mtihani una sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za mantiki, moja ya kusoma na kufahamu, na moja isiyohesabiwa, ambayo inatumika kujaribia maswali mapya bila ya mtahiniwa kujua ni ipi. Kwa hivyo katika sehemu tatu zinazohesabiwa, mbili ni za mantiki tupu.

Ndani ya sehemu hizo za mantiki ndimo limo swali letu.

WATU WAWILI NA MAJIBU MATANO

Swali lenyewe huja namna hii. Msemaji wa kwanza anatoa maneno yake, mistari mitatu au minne. Msemaji wa pili anamjibu, mistari mingine mitatu au minne. Halafu mtahiniwa anaulizwa: kwa maneno yao haya, watu hawa wawili wanapingana juu ya lipi? Chini yake kuna majibu matano, na ni moja tu lililo sahihi.

Ukilisikia tu utasema hili ni swali la watoto. Nani asiyejua watu wanagombana kwa lipi? Hebu basi msomaji tujaribu pamoja. Mfano huu tumeutunga wenyewe, tukauvisha nguo za kwetu, lakini umbo lake ni lile lile la mtihani.

Mchuuzi wa samaki anasema: "Bei ya samaki imepanda mno mwaka huu. Sababu yake ni hizi nyavu zenye matundu madogo. Zinazoa hata vitoto, samaki hawapati nafasi ya kukua. Basi serikali izipige marufuku."

Mvuvi anajibu: "Ni kweli nyavu hizo zinazoa vitoto vya samaki, sibishi. Lakini kilichopandisha bei ni mafuta ya mashine, si nyavu. Mwaka juzi nyavu zilikuwa hizi hizi, na samaki walikuwa rahisi."

Wanapingana juu ya lipi?

(A) Kwamba nyavu zenye matundu madogo zinazoa vitoto vya samaki.
(B) Kwamba serikali izipige marufuku nyavu hizo.
(C) Kwamba nyavu hizo ndizo zilizosababisha bei ya samaki kupanda.
(D) Kwamba mafuta ya mashine yamepanda bei.
(E) Kwamba samaki watakuja kumalizika baharini.

Wengi watakimbilia B, na si ajabu. Marufuku ndilo neno zito katika mazungumzo yote, ndilo analolitaka mchuuzi, na mvuvi anaonekana kumpinga mchuuzi, kwa hivyo lazima anapinga marufuku. Lakini rudi umsome mvuvi neno kwa neno. Amesema nini kuhusu marufuku? Hakusema kitu. Huenda naye anazichukia nyavu zile kuliko mchuuzi. Huenda anataka zipigwe marufuku kesho asubuhi, kwa sababu zinamaliza vitoto, jambo ambalo amelikubali kwa kinywa chake. Alichokikataa ni kimoja tu: kwamba nyavu ndizo zilizopandisha bei. Jibu ni C.

A si jibu, kwa sababu wote wawili wanalikubali. D si jibu, kwa sababu mchuuzi hakuzungumzia mafuta kabisa. E hakuna hata mmoja aliyelitaja.

MASWALI MATATU TU

Walimu wanaowafundisha vijana mtihani huu wana kanuni nyepesi, na sisi tunaona inafaa ikabandikwa ukutani katika kila baraza la kahawa. Kwa kila jibu unalolitazama, jiulize mambo matatu. Kwanza, je, msemaji wa kwanza ana kauli juu ya jambo hili, iwe kwa kulitamka au kwa maana isiyoepukika ya maneno yake? Pili, je, msemaji wa pili naye ana kauli juu ya jambo hilo hilo? Tatu, je, mmoja anasema ndiyo na mwengine anasema siyo? Ikiwa moja kati ya hayo matatu halikutimia, hapo hapana ubishi.

Kanuni ni nyepesi, lakini watunzi wa mtihani wanazijua tabia za binadamu, na mitego yao imewekwa pale pale tunapopita kila siku.

Mtego wa kwanza ndio huo tuliouona, wa kumwekea mtu maneno ambayo hakuyasema. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini katika mtihani huu kimya hakina mshindo wowote. Aliyenyamaza kanyamaza. Hakukubali na hakukataa.

Mtego wa pili ni jambo ambalo wote wamelizungumza sana, ila wamekubaliana. Kwa kuwa limetajwa na pande zote mbili, macho yanavutika kwake. Mtu aliyezoea kudhani kwamba wanaobishana wanapingana katika kila kitu hunasa hapa, kwani hatarajii kwamba mvuvi na mchuuzi wanaweza kuwa kitu kimoja kuhusu vitoto vya samaki.

Mtego wa tatu ni maneno ya kupita kiasi. Mtu kasema nyavu zimepandisha bei mwaka huu, jibu linakuja na "daima", "kila mahali", "pekee". Hakusema hivyo. Kauli ya mtu ina mipaka yake, na ukiivuta nje ya mipaka hiyo si kauli yake tena, ni yako.

Mtego wa nne ni mgumu zaidi, nao ni pale watu wawili wanapokubaliana katika kila tukio, na bado wanapingana kweli kweli.

UBISHI USIOMALIZWA NA USHAHIDI

Tuuchukue mfano wa aina hiyo kutoka nyumba zetu za ughaibuni. Baba mdogo anazungumza na dada yake, ambaye kwa vijana ni shangazi.

Baba mdogo: "Dada, yule kijana hawafundishi wanawe Kiswahili hata neno moja. Mtu asiyewarithisha watoto wake lugha hawezi kuitwa Mswahili, hata kama kazaliwa katikati ya Mji Mkongwe."

Shangazi: "Ndugu yangu, huyo huyo kila mwezi anamletea mama yake masurufu, na alipofiwa na baba yake alipanda ndege akawahi maziko. Mtu anayewatimizia jamaa zake namna hiyo ni Mswahili, watoto wake wajue lugha au wasijue."

Hapa shangazi hakukataa kwamba watoto hawafundishwi Kiswahili. Baba mdogo hakukataa kwamba fedha zinaletwa na maziko yaliwahiwa. Habari za kijana yule wanazijua wote na wanazikubali wote. Wanapingana juu ya jambo moja: je, mtu asiyewarithisha watoto wake lugha anaweza kuhesabiwa kuwa Mswahili? Yaani ubishi ni juu ya maana ya neno, au tuseme juu ya kipimo cha kumpimia mtu.

Tazama faida ya kulijua hilo. Shangazi akienda kabatini kuleta risiti zote za fedha zilizotumwa kwa miaka kumi, hatakuwa amesogea hata hatua moja, kwa sababu hakuna aliyezikataa. Baba mdogo akiwaita watoto wale na kuwajaribu kwa maamkizi mbele ya watu, atawatia haya bure, kwa sababu hakuna aliyedai kwamba wanajua. Ushahidi wote wa dunia hauwezi kuumaliza ubishi wao. Linaloweza kuusogeza ni kuulizana: sisi tunaposema Mswahili tunakusudia nini, na kwa nini?

Tofauti na mchuuzi na mvuvi. Wao wakikaa na daftari la bei za mafuta na bei za samaki kwa miaka mitatu, huenda mmoja akamkubalia mwenzake kabla ya chai kupoa. Ubishi wao ni juu ya lililotokea na sababu yake, na mambo hayo yanatafutiwa ushahidi.

SI UVUMBUZI WA WAMAREKANI

Tusije tukadhani kwamba elimu hii imeanza na vyuo vya Marekani. Wayunani waliifanyia kazi zamani. Hermagoras wa Temnos, mwalimu wa ufasaha wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kila kesi ina mahali inaposimamia, na mahali penyewe ni panne: je, jambo limefanyika? Kama limefanyika, liitwe kwa jina gani? Kama jina limekubaliwa, je, lilikuwa la haki? Na je, hapa ndipo mahali pake pa kuhukumiwa? Wakili asiyejua kesi yake imesimama wapi kati ya manne hayo atapoteza maneno bure.

Wanazuoni wa fiqhi nao wana mlango wao maalumu, wanaouita kwa Kiarabu tahrir mahall an-niza, na maneno mawili ya mwisho Mswahili atayatambua: mahali pa nizaa. Mwanachuoni kabla ya kuleta dalili zake hutaja kwanza yale ambayo wote wameafikiana, akayaweka pembeni, kisha akaonyesha pale hasa palipo na khilafu. Baada ya hapo ndipo anapoingia katika hoja.

Na mahakama zetu vivyo hivyo. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania Bara ya mwaka 1966, ambayo ilifuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1908, katika Amri yake ya 14 inaeleza kwamba hoja ya kuamuliwa inazaliwa pale upande mmoja unapothibitisha jambo la msingi, la tukio au la sheria, na upande wa pili ukalikana. Hakimu anatakiwa aziorodheshe hoja hizo kabla ya kusikiliza ushahidi. Lililokubaliwa na pande zote halipotezewi wakati. Soma tena maneno hayo, msomaji, utaona ni yale yale maswali matatu: huyu kasema, yule kasema, na mmoja kakubali alilolikana mwenzake.

Kwa hivyo elimu ipo mahakamani kwetu, ipo misikitini na madrasani kwetu. Tunachojiuliza sisi ni kwa nini haitoki nje ya milango hiyo ikaingia katika siasa zetu, magazeti yetu na mikutano ya jumuiya zetu.

URAIA PACHA: MIAKA YA KUPITANA NJIANI

Tuchukue ubishi ambao kila Mtanzania wa ughaibuni anaujua. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima akichukua kwa hiari yake uraia wa nchi nyengine anaupoteza ule wa Tanzania. Kila panapokuwa na mkutano wa Watanzania wa nje na kiongozi kutoka nyumbani, iwe London, Washington au Dubai, suala la uraia pacha linazuka, na karibu kila mara mazungumzo yanakwenda njia ile ile.

Upande mmoja unasema: sisi tunatuma fedha, tunajenga, tuna ujuzi na mitaji, tunaipenda nchi yetu, basi turuhusiwe. Upande wa pili unajibu: mtu hawezi kuapa utii kwa nchi mbili, nchi hizo zikigombana atasimama wapi? Usalama wa taifa kwanza, basi haifai.

Sasa tuyapitishe maneno hayo katika maswali yetu matatu. Kuhusu uamuzi wenyewe, yaani uraia pacha uruhusiwe au usiruhusiwe, wanapingana bila ya shaka. Lakini tukishuka katika sababu zao tunakuta kitu chengine. Je, uraia pacha utaleta faida kwa uchumi? Wa kwanza anasema ndiyo, wa pili kanyamaza. Je, kiapo cha nchi mbili ni hatari kwa usalama? Wa pili anasema ndiyo, wa kwanza kanyamaza. Hapana hata sababu moja ambayo wote wawili wameigusa. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Watu wanapiga makofi, kiongozi anapanda ndege kurudi, na mwaka unaofuata wanakuja kuanza pale pale.

Hebu sasa tufikiri mkutano mmoja ambao mwenyekiti wake kasimama katikati na kuuliza. Anamgeukia mtu wa ughaibuni: ndugu, unakubali kwamba upo uwezekano wa hatari kwa usalama? Huenda akajibu, nakubali kwa mkuu wa jeshi na kwa waziri, lakini si kwa muuguzi wa hospitali wala dereva wa basi. Kisha anamgeukia mheshimiwa: je, wakubwa wa vyeo na wanajeshi wakikatazwa, ungeridhia wengine waruhusiwe? Akijibu ndiyo, basi ubishi mkubwa umekwisha, na kilichobakia ni kuandika orodha ya vyeo. Hilo si jambo la kubuni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeruhusu uraia pacha, na katika Ibara ya 78 ikawakataza maofisa wakuu wa dola na wanajeshi kuwa nao, isipokuwa wachache waliotajwa humo.

Lakini mheshimiwa akijibu hapana, hata muuguzi asiruhusiwe, hapo tumejua jambo kubwa zaidi. Tumejua kwamba usalama haukuwa ndio mzizi wa neno lake. Anaamini kwamba uraia ni ahadi isiyogawika, kama ndoa kwa baadhi ya watu, na kwamba anayechukua wa pili kavunja wa kwanza hata kama hana madhara kwa yeyote. Hiyo ni fikra ya kuheshimiwa, ina watetezi wake, lakini haijibiwi kwa hesabu za fedha tunazotuma. Inajibiwa kwa kuzungumza uraia ni nini. Ni ubishi wa baba mdogo na shangazi, na miaka yote hii tumekuwa tukiupelekea risiti.

Sisi hatusemi hapa nani ana haki. Mtihani wenyewe hauulizi nani ana haki. Tunasema kwamba mpaka ubishi upatikane mahali pake, hata mwenye haki hawezi kushinda, kwa sababu hakuna mahali pa kushindia.

PALE MAISHA YA MTU YANAPOTEGEMEA SWALI HILI

Kuna mahali ambapo jambo hili si mtihani wala si baraza. Sisi tulioondoka makwetu kwa sababu ya kalamu, na wengi wa wasomaji wetu kutoka Kongo, Burundi na kwengineko walioondoka kwa sababu nzito kuliko kalamu, tunaujua mlango wa kuomba hifadhi. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtaka mwombaji awe na hofu yenye msingi ya kuteswa kwa sababu zilizotajwa humo. Mwombaji anasikilizwa, na akikataliwa anapewa barua ya sababu.

Barua hiyo mara nyingi inachanganya mambo mawili: yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Inaweza kusema, tumekubali kwamba wewe ni raia wa nchi fulani, tumekubali kwamba uliandika makala zile, tumekubali kwamba ulikamatwa siku mbili. Kisha inasema, lakini hatukubali kwamba ukirudi leo utadhurika, au hatukubali kwamba huwezi kuishi kwa salama katika mji mwengine wa nchi yako.

Mtu aliyeumia anafanya nini baada ya kuisoma barua hiyo? Anakusanya ushahidi wa kukamatwa kwake. Anawatafuta mashahidi wa siku ile, anapiga picha makovu yake, anaomba nakala za makala. Hilo ndilo linalomuuma, na ni haki yake kuumwa. Lakini ni jambo ambalo limekwisha kukubaliwa. Aliye upande wa pili anaulizia kesho, na yeye anathibitisha jana. Wakili mzuri huchukua kalamu mbili za rangi, akapitisha rangi moja juu ya kila lililokubaliwa na nyengine juu ya kila lililokataliwa, kisha akamwambia mteja wake: nguvu zetu zote na tuzipeleke kwenye rangi hii ya pili. Tunampa nasaha hii kila anayesubiri rufaa yake, na tunamwomba atafute wakili au jumuiya inayosaidia wahamiaji, aipitie barua hiyo pamoja nao mstari kwa mstari.

WAJIBU WA SISI WAANDISHI

Hatuwezi kumaliza bila ya kuigusa kazi yetu wenyewe. Fungua gazeti lolote la lugha yetu, utasoma "fulani amjia juu fulani", "wavutana vikali", "amshukia kama mwewe". Habari nzima inasomwa mpaka mwisho, nani kamwita nani jina gani, nani kakunja uso, lakini swali la nini hasa huyu kasema ndiyo na yule kasema siyo, halina jibu. Msomaji anabaki kuchagua upande kwa kutazama sura, chama, kabila au kisiwa, kwani hakupewa chengine cha kuchagulia. Ugomvi wa watu unauza gazeti, na mahali pa nizaa hapauzi. Hata hivyo tunaamini kwamba sentensi moja tu, "wote wanakubaliana juu ya hili, wanapingana juu ya lile", ingewafaa wananchi kuliko kurasa tatu za vijembe.

Kwa wazazi walioko Marekani na Canada wenye vijana wanaojiandaa, tunawaarifu kwamba baraza linalosimamia mtihani huu hutoa bila ya malipo baadhi ya mitihani ya majaribio kwenye tovuti yake, na lina utaratibu wa kusamehe ada kwa wenye kipato kidogo wanaotimiza masharti. Mfanye kijana aombe msamaha huo mapema, kabla ya kulipa chochote.

Na zoezi bora kuliko yote halina ada, na linafanyika kwa Kiswahili. Ndugu wawili wakianza kuzozana sebuleni, kijana apewe kazi moja. Asiamue, asitulize, asichukue upande. Awasikilize mpaka wamalize, kisha aseme kwa sentensi moja: mnakubaliana juu ya hili, mnapingana juu ya lile. Halafu awaulize wote wawili kama kasema kweli. Wakikataa, arudie tena mpaka wamkubalie.

Huenda sebule ikanyamaza ghafla. Na huenda ikagundulika kwamba mmoja alikuwa akisemea mafuta ya mashine na mwengine akisemea nyavu, na samaki wa chakula cha mchana kaungua jikoni hali hakuna aliyekuwa akimbishia mwenzake.